Mikorosho Sitini na Minne

Jenipher aliirithi ile kompyuta kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Mwaka tisini na tatu, siku ya kuanua matanga ya baba yake, Mwalimu Severini, wazee wa Kitomanga walikaa barazani wakagawa vitu vya marehemu kama ilivyo ada. Baiskeli kwa huyu, suruali kwa yule. Redio kaseti na TV ya chogo kwa Clemence, kijana mkubwa wa mke wa kwanza aliyetangulia kufa. Nyumba kwa Clemence, shamba kwa Clemence. Mwishoni kikabaki kisanduku cheusi chembamba chenye vitufe vya mpira, pamoja na kopo la biskuti lenye kaseti mbili. Mzee mmoja akakigeuzageuza, akauliza hiki nacho kitu gani. Clemence akasema, "Mpeni mtoto achezee." Mtoto alikuwa na miaka sita. Huo ndio urithi wake, na msije mkasema hakupewa kitu.

Mama yake, Getrude, mke wa pili, hakupewa hata hicho. Lakini hakunyamaza. Huku kwetu ardhi ni jambo moja na mti ni jambo lingine. Unaweza kulima shamba la mwenzio, ila mkorosho ulioupanda kwa mkono wako ni wako, hata mwenye shamba akuchukie vipi. Kwa hiyo Getrude alisimama mbele ya wazee akasema, mikorosho sitini na minne ya kule bondeni nimeipanda mimi. Aliipanda miaka ile watu walipokuwa wakiitelekeza mikorosho yao kwa ugonjwa wa ubwiri unga na bei ya kutupa, wakimcheka kwamba anapanda kuni. Wazee wakataka shahidi.

"Shahidi si huyu hapa," akasema, akimwonyesha Clemence. "Yeye ndiye aliyekuwa akinichotea maji."

Clemence akatazama chini, akasema alikuwa mdogo, hakumbuki.

"Basi miti yenyewe ina alama yangu. Nimeichonga mimi kwa kisu, mti mmoja mmoja."

Hapo Clemence akacheka. "Mama mdogo, ile ni S. S ya Severini. Baba kaweka alama yake, wewe unajipa?" Na watu wakacheka, msibani, mbele ya mjane mwenye kaniki. Getrude hakujua kusoma. Alijaribu kueleza kwamba alama ni yake, wakamwambia akae chini. Juma lile lile akarudi kwao Kikole na mtoto, sufuria mbili, mkeka, jembe lake, na kile kisanduku.

Jembe lenyewe lilikuwa na S kwenye mpini. Chungu chake cha maji kilikuwa na S shingoni. Jenipher alipoanza kusoma aliona aibu kidogo kwa ajili ya mama yake, akadhani ni mke mwenye utii wa kupitiliza, wa kuandika herufi ya mumewe mpaka kwenye chungu. Hakumuuliza. Kuna mambo mtoto hamuulizi mama yake.

Kitu kimoja tu Getrude alikishikilia miaka yote hiyo. "Mashine inajua," alikuwa akisema, anapepeta mchele, anasuka ukili, wakati wowote. "Niliandikwa humo. Watu wafe, wasahau, mashine inajua."

Alikuwa na hadithi yake, na Jenipher aliisikia mpaka akaijua kwa moyo. Mwalimu Severini alipewa ile kompyuta na padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Kitomanga haikuwa na umeme, kwa hiyo mashine na TV vilikula betri ya gari, na betri ikiisha Getrude ndiye aliyekuwa akiibeba kichwani mpaka misheni kuichaji, kisha anairudisha kichwani vilevile. Ukimwona shingo yake ilivyo leo utajua ni betri ngapi. Jumapili baada ya misa Mwalimu alifunga dirisha ili picha ionekane, akamkalisha mkewe pembeni amshikie daftari. Siku ya kwanza alilishika juu chini. Mwalimu akacheka, akaligeuza. Hapo Getrude alipokuwa anasimulia naye alicheka, kila mara, mahali palepale.

Mwalimu alikuwa na msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo akawa anaingiza miti ya shamba kwenye mashine, akianzia bondeni, mmoja mmoja na jina la aliyeupanda. Na alikuwa akisoma kwa sauti huku anabonyeza. Bondeni, mkorosho wa kwanza, Getrude. Wa pili, Getrude. Wa tatu, Getrude.

"Mara sitini na nne," mama alikuwa akisema. "Hata siku ya ndoa yangu sikutajwa hivyo."

Orodha ikarekodiwa kwenye kaseti, maana mashine zile ukizizima husahau kila kitu, na kaseti ndiyo kumbukumbu yao. Lile daftari lililiwa na mchwa. Mashine ikafa mwaka mmoja kabla ya mwenyewe. Ikabaki kaseti kwenye kopo la biskuti, na ukiitia kwenye redio ya kawaida inalia kama bati linalokwanguliwa.

Mtu atauliza, mwalimu wa namna hiyo, mbona mkewe hakujua kusoma? Ndilo swali. Severini alifundisha ngumbaru kijiji kizima, wazee wenye mvi walitoka kwake wanajua kuandika barua. Mkewe alimwambia asubiri, zamu yake itafika. Miaka ya baadaye Jenipher alimletea mama yake daftari na kalamu, akitaka kumfundisha mwenyewe, lakini Getrude akavisukuma kando. "Aliyetakiwa kunifundisha amelala," alisema. "Niache nilivyo." Mpaka leo kwenye karatasi zote anaweka dole gumba.

Jenipher akakua, akawa fundi. Ana kibanda Kilwa Masoko, anatengeneza TV, ving'amuzi na simu zilizotumbukia majini. Ufundi wenyewe ulianza na kile kisanduku. Alikifungua mara ya kwanza na kisu cha jikoni akiwa na miaka tisa. Jirani yake kibandani ni Yassini, fundi mwenzake, mtu wa maneno mengi na mkono mzuri. Yassini alikuwa akikiona kile kisanduku juu ya kabati, anasema, "Hilo tofali lako lini unajengea?"

Mwaka jana habari zikaja. Kitomanga kamati ya ardhi ya kijiji inapima mashamba, watu wapewe hati za kimila, na Clemence amekwisha kuandikisha shamba lote, juu na bondeni, kwa jina lake. Hati ikitoka imetoka. Getrude wakati huo alikuwa na miaka sitini na sita, miguu imevimba, kifua kinambana. Jenipher alimfuata Kikole kumwambia, akakuta anajua tayari. Alikuwa amekaa mlangoni na lile jembe kama fimbo.

"Washa mashine," alisema.

"Mama, ina miaka thelathini haijawaka."

"Wewe si fundi?"

Basi. Jenipher akarudi Masoko, akakishusha kisanduku juu ya kabati.

Ndani kulikuwa na hali mbaya. Kapasita zote zilikuwa zimekauka. Utando wa chini ya vitufe ulikatika ukiugusa tu, kama jani la mgomba lililokaa juani, na mpya ulitoka Ulaya kwa posta, miezi mitatu. Halafu kulikuwa na ujinga wa mtu: mashine ya namna hiyo plagi yake ya umeme iko kinyume na za wenzake wote, hasi inaingia katikati, na mtu fulani zamani alichomeka chanya. Akaunguza sehemu ya umeme. Jenipher hakuwa na shaka mtu huyo alikuwa baba yake mwenyewe, na alicheka peke yake kibandani, akampenda zaidi. Alikuwa anampenda sana baba yake, mtu aliyemjua miaka sita tu. Alimjenga kwa hadithi za mama, na hadithi za mama zilikuwa nzuri.

Kazi kubwa ikawa picha. Mashine ya namna ile ilitengenezwa kwa TV za chogo. Inatoa picha kama kituo cha matangazo, inaingilia kwenye tundu la antena. TV za leo za flati ukizichomekea hivyo zinatafuta weee, mwisho zinakwambia hakuna mawimbi. Yassini alimshauri atafute TV ya chogo. Jenipher akakataa. Alitaka kila mtu Kitomanga aone, mpaka aliyekaa nyuma, kwenye kioo kikubwa, herufi kwa herufi. Kwa hiyo alifungua kale kasanduku kadogo ka bati kanakopeleka picha kwenye antena, akakata njia ya zamani, akachomelea waya mpya kutoka ilikozaliwa picha yenyewe mpaka nje, kwenye tundu la njano la AV. Kutoka hapo akapitisha kwenye kijisanduku cha kubadilisha AV kuwa HDMI. Siku ya kwanza picha ilikuja inatetemeka kama ina homa. Akabadilisha kapasita moja, akakaza waya wa ardhini, akawasha tena.

TV ya inchi arobaini na tatu ikawa nyeupe yote, na chini mstari mmoja wa herufi nyeusi, umetulia, safi kama umechapwa leo asubuhi. Jenipher alikaa chini sakafuni akalia. Yassini alimtazama, akaenda kununua chai.

Kwa kujaribu alitumia kaseti ya kwanza, ile yenye mchezo wa kuzidisha ambao baba yake aliwatungia wanafunzi. Ilikubali. Kaseti ya pili, yenye miti, hakuijaribu, na hapa ndipo penye kisa.

Kaseti ya pili hakuwa nayo. Mwanzoni kabisa, mashine ikiwa bado imekufa, alikwenda Kitomanga kwa mwenyekiti wa kamati ya ardhi, Bi Mwanaima, mama wa makamo mwenye miwani na asiyependa porojo. Akasalimu shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaeleza. Clemence akaitwa. Alikuja amevaa kofia ya chama cha ushirika, tumbo mbele, lakini aliposikia neno kaseti Jenipher aliona kitu kikipita usoni mwake.

"Mwenyekiti, huyu ni fundi wa simu," Clemence alisema. "Mpe kaseti akae nayo nyumbani, ataandika humo anachotaka. Mimi nitajuaje?"

"Nitaandikaje, kaka? Mashine yenyewe haijawaka."

"Itakapowaka."

Bi Mwanaima akaona hoja ina uzito. Akaichukua ile kaseti, akaizungushia kipande cha kanga, akaishona kwa sindano na uzi mbele yao wote, akasema itakaa kwenye sanduku lake mpaka siku ya kuonyeshwa. Hapo Jenipher angenyamaza. Mtu mwenye haki hana haja ya kuongeza neno. Lakini hasira za miaka thelathini zilimpanda, akamwona yule kaka yake anavyomeza mate, akajua anaogopa, na hofu ile ilimwia tamu kama tende.

"Basi tuandikiane," alisema. "Kitakachoonekana kwenye TV ndicho hicho. Jina la mama likiwemo, miti ni yake na hati iandikwe hivyo. Likikosekana, hatudai tena, sisi wala wajukuu zetu."

Clemence akamtazama mwenyekiti. Kukataa mbele ya mwenyekiti kungekuwa kukiri. Mwisho akasema, "Haya." Wakaandikiana. Jenipher akatia sahihi, na Jumapili iliyofuata karatasi ikapelekwa Kikole, Getrude akaweka dole gumba.

Yassini aliposikia alishika kichwa. "Fundi gani anamkabidhi mteja TV hajaiwasha? Umetia sahihi kitu hujakiona."

"Mama alikuwepo akiandikwa. Alimshikia daftari."

"Mama yako hajui kusoma, Jeni."

"Lakini si kiziwi," Jenipher akajibu, na siku mbili hawakusemezana.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye banda umiza la Musa, pale vijana wa Kitomanga wanapoangaliaga mpira. Musa alifunga madirisha na magunia, akapanga mabenchi. Watu walijaa. Kamati mstari wa mbele, Clemence na mkewe mwisho wa benchi karibu na mlango. Getrude alikuja kwa gari la kukodi kutoka Kikole, amevaa kitenge kipya ambacho Jenipher hakukijua, amejipaka mafuta, ameshika jembe lake. Alikataa kiti cha nyuma. Alikaa mbele kabisa, kioo cha TV kiko hatua tatu kutoka kwenye magoti yake, kama mtu aliyekuja kuozesha.

"Shikamoo, mama mdogo," Clemence alisema kutoka kule alikokaa.

"Marahaba, mwanangu. Sogea uone."

Hakusogea.

Bi Mwanaima akatoa kile kifurushi, akawaonyesha wote uzi haujaguswa, akaufumua. Jenipher akaipokea kaseti kwa mikono miwili. Alikuwa amenunua redio kaseti kuukuu, akaibadilisha mkanda wa mpira, akasafisha hedi yake, kile kichwa kinachosoma mkanda, kwa spiriti mpaka ikang'aa. Akaiunganisha, akabonyeza.

Ile kelele ikajaa banda. Watoto wakaziba masikio. "Ndiyo kusoma kwake huko?" mzee mmoja akauliza, na mwenzake akamjibu kwamba hata yeye akisoma hulia hivyohivyo. Mistari ya rangi ikakimbia pembezoni mwa kioo, nyekundu na samawati, kisha manjano na buluu. Dakika ya tatu kelele ikayumba, mistari ikasimama. Mashine ikaandika kwamba imeshindwa.

Clemence akainuka. "Basi, mwenyekiti, mnaona."

"Kaa," Bi Mwanaima alisema.

Jenipher akachukua bisibisi ndogo. Kwenye redio kaseti kuna skrubu moja inayoweka hedi sawasawa na mkanda. Redio ya baba yake na hii hazikukaa sawa; kaseti ya kwanza ilivumilia, hii ilikataa. Akarudisha mkanda mwanzo, akauchezesha, akawa anaizungusha skrubu unywele kwa unywele huku ameinamisha sikio, mpaka kelele ikatoka ukungu, ikawa kali, kavu. Mkono wa fundi hautetemeki, moyo ndio unaohangaika. Akaanza upya.

Safari hii ikapita dakika ya tatu. Ikapita ya nne. Kelele ikakoma yenyewe, na kioo kikawa cheupe.

Herufi zikashuka juu mpaka chini, mstari kwa mstari, kubwa, nyeusi, hazina hata chembe ya ukungu.

BONDENI
1 SEVERINI
2 SEVERINI
3 SEVERINI
4 SEVERINI

Zikajaza kioo, mashine ikasimama ikisubiri abonyeze kitufe iendelee. Jenipher alibonyeza kwa sababu mkono ulikuwa umekwisha kuwa pale. Ishirini na mbili, Severini. Arobaini, Severini. Sitini na nne, Severini. Halafu ikaandika JUMLA 64, mwisho wa orodha, na ikatulia.

Kwanza alidhani ni kosa lake. Ufundi ni ugonjwa. Alitafuta kapasita ya kulaumu. Lakini mashine haiwezi kukosea jina la mtu mara sitini na nne kwa namna ileile. Iliandika kilichobonyezwa. Aliyebonyeza alikuwa amekaa Jumapili, dirisha limefungwa, mkewe ameshika daftari, na mdomo ukasema Getrude na vidole vikaandika jina la mwenye vidole. Mara moja mtu anaweza kuteleza. Mara sitini na nne ni kazi, alikaa akaifanya, huku akimsomea yule mwanamke jina lake apate kufurahi. Na yeye Jenipher miezi yote ile alikuwa anamsafishia mtu huyo kioo.

Nyuma watu wanaojua kusoma walianza kunong'ona. Mama yake hakusikia. Getrude alikuwa ameinama mbele, uso wote unacheka, uso ambao Jenipher hakupata kuuona tangu azaliwe. Aliinua jembe, akagusa mpini pale penye alama, kisha akaonyesha kioo.

"Hilo hapo," alisema. "Si niliwaambia? Jina langu hilo. Linaanza na nyoka. Nililishika siku ileile ya kwanza, lilivyokuwa likija, nyoka, nyoka, nyoka. Nikaenda nikalichonga kwenye miti yangu yote."

Hakuna aliyecheka. Ningesema afadhali wangecheka. Jenipher akakumbuka chungu, akakumbuka jembe, akakumbuka aibu aliyoona kwa ajili ya mama yake utotoni, na alitamani kupiga magoti palepale. Mwanamke alijifunza herufi moja maishani, akaipenda, akaichonga kila alipoona ni pake, na kila alipoichonga akawa anampa Severini.

"Jenipher," Bi Mwanaima alisema polepole, "inabidi isomwe, tuandike."

Jenipher akafungua mdomo. Ulimi ulikuwa unajua la kusema. Bondeni, mkorosho wa kwanza, Getrude. Angeweza kuendelea mpaka sitini na nne kwa sauti ya baba yake, mama angeondoka Kitomanga anacheka. Lakini wanakamati walikuwa wana macho, na zaidi ya hapo, hicho ndicho mama alichofanyiwa na baba. Akashindwa.

Clemence ndiye aliyesoma. Alisimama, akasogea mbele kwa mara ya kwanza, akasoma kama mtu asiyeamini. "Moja, Severini. Mbili, Severini."

"Soma vizuri, Clemence," Getrude alisema, bado anatabasamu. "Wewe kusoma kwako tunakujua."

"Ni Severini, mama mdogo. Yote."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa, halina kazi. Akamgeukia Bi Mwanaima. "Na wewe unaona hivyo?"

"Ndivyo, mama. Pole."

Akamtazama binti yake, na binti akainama. Watu walisubiri alie, maana huku kwetu mwanamke akipatwa na jambo hulia tukajua. Hakulia. Alimgeukia yule kijana aliyemlea, mtu mzima sasa, mvi kidevuni.

"Clemence. Ndoo ilikuwa ya bati, mshiko wake umefungwa kamba. Ulikuwa unapumzika pale kwenye kichuguu, unaniambia mama mdogo hii miti itakufa tu. Nikakwambia itatuzika. Unakumbuka?"

Na alikumbuka. Jenipher alikuwa hatua moja kutoka kwake, aliona. Macho hata yalimlowa, mnafiki yule. Neno moja la kwake lingekuwa na nguvu kuliko kaseti mia. Kamati ingelisikiliza, karatasi au hakuna karatasi. Alitazama kioo, akamtazama mkewe kule mlangoni, akavua kofia ya ushirika akaishika mkononi.

"Nilikuwa mtoto, mama mdogo," alisema. "Na baba alikuwa akisema, mali bila daftari..." Hakuimaliza. Akavaa kofia yake, akarudi kukaa.

Bi Mwanaima akachukua ile karatasi ya makubaliano, akaisoma tena kimoyomoyo kama anayetafuta tundu la kutokea. Halikuwepo. Jenipher mwenyewe ndiye aliyeitaka iandikwe hivyo, sisi wala wajukuu zetu. Mwenyekiti akaandika, na kalamu yake ilisikika banda zima.

Watu wakaanza kutoka, wanapita pembeni pembeni kama wanaotoka makaburini. Jenipher akanyoosha mkono kuzima.

"Subiri," mama yake alisema. "Langu likoje?"

"Mama, twende nyumbani."

"Nimekuuliza, langu likoje? Niandikie hapo."

Jenipher akafuta orodha ya baba yake. Kioo kikabaki cheupe kitupu. Akabonyeza vitufe vya mpira, kimoja kimoja, kwa herufi kubwa, kila alichobonyeza kikatokea juu ya TV bila kutetemeka. Herufi saba. GETRUDE.

Getrude aliinuka kwa shida, akiegemea jembe, akazimaliza zile hatua tatu mpaka pua yake ikakaribia kioo. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaipapasa duara lake, akaenda ya pili, ya tatu, polepole mpaka ya mwisho. Kisha akarudi mwanzo, akatafuta tena.

"Halina nyoka," alisema.

"Halina, mama," Jenipher akajibu.